Priza Inanuka Sambaza, na Shemeji Ndiye Aliyeifunga

Jambo Fundi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, tunapanga Majengo, hapa Goma. Nyumba ni ya mbao juu ya mawe ya volkano, kama nyingi za upande wetu. Katika parseli, yaani kiwanja kimoja, tuko familia tatu kwenye kompteri moja ya kupima umeme.

Makala ya kupikia (makaa) yalipozidi bei, nilinunua resho, jiko la umeme la plaki mbili. Chini yake wameandika W 2000. Ndiyo inayopika bugali, sombe, na maharage ya kutwa nzima. Imechomekwa kwenye ralonji, ule waya wa kurefusha umeme, ya matundu matano, pamoja na pasi ya uniformu za watoto, simu, na birika la umeme siku za baridi. Ralonji yenyewe iko kwenye priza moja ya ukutani.

Tangu mwezi uliopita, kila nikipika jioni nasikia harufu ya samaki. Nilidhani ni jirani anakaanga sambaza. Jirani akasafiri wiki nzima, harufu ikabaki. Juzi nilipochomoa ralonji nikaiachia chini kwa mkono wote, ilikuwa ya moto kama sufuria. Kwenye priza, kandokando ya tundu la kushoto, pamekuwa rangi ya chai. Tena plaki ya pili ikiwaka, ampule (taa) ya chumbani inatikisika.

Zamani dijonkteri, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ilikuwa inaruka kila mara. Mdogo wa mume wangu akaja, akatoa ile ya amperi 16 akaweka ya 32, akaniambia: "Shemeji, sasa utapika kwa amani." Kweli, haijaruka tena. Na jambo lingine: nikiwa nimetoka kupangusa sebule, miguu mitupu, nikigusa mlango wa friji vidole vinawashwa.

Shida yangu ni hii. Shemeji ndiye aliyefunga waya zote tulipohamia, bila kuchukua hata faranga moja. Kazi hii anaijifunza, na anajivunia nyumba yetu kuwa ya kwanza aliyoifunga peke yake. Mume wangu anasema nikiita fundi mwingine nitakuwa nimemtukana mdogo wake. Bayeri, mwenye nyumba, naye anasema priza ni dola mbili, ninunue nyingine niache kelele. Upande wa pili wa ubao ule ndipo analala Neema wangu. Je, ninunue priza mpya ninyamaze?

Mama Neema, Majengo

*

Mama Neema, jambo.

Kabla hujasoma zaidi, nenda ushushe dijonkteri ya mstari huo, kisha chomoa ralonji, halafu uvute kitanda cha mtoto kitoke kwenye ubao ule. Fuata mpangilio huo huo: shusha kwanza, chomoa baadaye. Barua yako nitaijibu yote, ila hilo halingoji.

Sasa hiyo harufu. Plastiki ngumu wanazotengenezea priza, ralonji na dijonkteri, nyingine zikipata joto kupita kiasi hutoa harufu inayofanana kabisa na ya samaki. Kwetu kando ya ziwa huo ni mtego mbaya, maana nani wa Goma atashtuka kusikia sambaza saa kumi na mbili jioni? Nimeingia nyumba ambazo mama aliisikia miezi miwili akimlaumu jirani. Wewe ulifanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: jirani alipoondoka na harufu ikabaki, ulijiuliza. Pua yako imefanya kazi ambayo hakuna chombo kingine ndani ya nyumba yako kingeweza kuifanya. Ngoja nikueleze sababu, kwa kuwa humo ndimo limo jibu la bayeri, na la shemeji pia.

Resho yako ya W 2000, kwenye umeme wetu wa volti 220, inavuta kama amperi 9, ndicho kipimo cha umeme unaopita. Amperi hizo zinapita ndani ya shaba, zinafika kwenye skurubu ndogo ya priza, zinavuka. Skurubu ikiwa imekazwa vizuri, zinavuka bila shida. Ikiwa imelegea, waya unagusa kwa ncha tu, na hapo umeme unasukumana kama watu kwenye mlango mwembamba. Tuseme kizuizi cha hapo ni nusu ya ohm, kitu ambacho mkono wako hauwezi kukitambua. Piga hesabu: 9 mara 9 mara nusu, unapata wati 40. Umeshawahi kumwona fundi wa redio akiyeyusha risasi kwa kile chuma chake? Vyuma vingi vya aina hiyo ni vya wati 30 au 40. Basi kila jioni unapopika, ni kama kuna chuma cha fundi redio kinachowaka ndani ya priza yako, kimeegemea ubao, na upande wa pili wa ubao kuna mtoto.

Halafu ubaya huo unajizidisha wenyewe. Shaba ikipata moto inapanuka, ukizima inarudi, na kila safari skurubu inalegea kidogo. Shaba iliyoungua inafanya kutu nyeusi, na kutu hiyo inazuia umeme zaidi ya mwanzo. Ndiyo maana mwezi uliopita ilikuwa harufu tu, na sasa imekuwa rangi ya chai. Ukisikia inakwaruza au kulia kama nyuki, ujue cheche zimeanza kuruka ndani.

Na dijonkteri je? Haioni lolote. Hata ile ya 16 isingeona. Dijonkteri inahesabu amperi zinazopita, na hapo zinapita 9, za halali kabisa. Joto la kiungo kilicholegea haliko kwenye hesabu yake. Watu wengi wanalala usingizi wakisema "kungekuwa na shida ingeruka." Shida ya aina hii hairushi dijonkteri mpaka waya umeungua na kugusana, na nyumba ya mbao haitoi nafasi ya kusubiri hapo. Kwa viungo, walinzi ni pua, kiganja na macho ya mwenye nyumba. Kila wiki, baada ya kupika, weka mgongo wa mkono kwenye uso wa priza, plastiki yenyewe, mkono ukiwa mkavu. Uvuguvugu kidogo kwa mzigo mkubwa unaeleweka. Moto wa kukufanya uondoe mkono haueleweki.

Kwa hiyo bayeri amekosea, ingawa amekosea kama wanavyokosea wengi. Niliitwa siku moja Ndosho, nyumba ambayo priza ilikuwa imebadilishwa mara tatu kwa mwaka. Priza mpya, waya uleule. Nilipoufungua, ncha ya waya ilikuwa nyeusi, na ganda lake limekakamaa linavunjika kama ganda la karanga, na weusi huo uliingia ndani kabisa. Ukiibana shaba iliyoungua kwenye priza mpya, umeanza upya ugonjwa uleule siku hiyohiyo. Fundi anatakiwa akate waya mpaka akute shaba inayong'aa na ganda laini. Usipobaki urefu wa kutosha, avute waya mwingine. Hilo ndilo la kumwambia bayeri: tatizo haliko kwenye dola mbili za priza, liko kwenye kuta zake. Mbao ni zake, na zikiungua, familia tatu zinatoka nje lakini anayepoteza nyumba ni yeye. Mwendeeni wote watatu pamoja, maana kompteri ni moja. Mkubaliane kwamba mtatoa pesa ya waya kisha ikatwe kwenye kodi, na muandike kwenye karatasi, kila mmoja atie sahihi.

Nije kwa dijonkteri ya 32. Hapa sitapamba maneno: hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote ulizoniandikia. Ile ya 16 ilikuwa inakuambia ukweli. Resho 2000, pasi 1200 hivi, birika 1800 hivi: hiyo ni wati 5000, karibu amperi 23, juu ya priza moja na ralonji moja. Tazama maandishi kwenye ralonji yako. Utakuta nyingi zimeandikwa 10 au 16, na hiyo ni ahadi ya mtengenezaji akiwa mkweli. Dijonkteri ilikuwa inaruka ili waya usiungue. Waya wa milimita za mraba 1.5 unalindwa kwa dijonkteri isiyozidi 16. Wa 2.5 unaweza kwenda hadi 20. Hiyo ya 32 inataka waya wa 6, mnene wa kuogopesha, na sidhani kama ndio uliopigiliwa kwenye mbao zako. Ukibadilisha dijonkteri bila kubadilisha waya, umemwambia mlinzi wa lango asifungue mdomo hata akiona wezi. Iondolewe kesho. Wala isingoje mambo mengine yakamilike.

Hapo tunafika kwa shemeji, na naona ndipo moyo wako ulipo.

Mimi nilianza kazi hii nikiwa kijana kama yeye, nikifunga nyumba za ndugu bila malipo. Fundi kijana anajifunza kwa nyumba za nduguze, hakuna pengine pa kujifunzia. Kwa hiyo usimwambie amekosea kufunga. Mwambie kitu ambacho ni kweli: alipofunga, nyumba ilikuwa na ampule mbili, televisheni na simu, na kazi yake ilitosha. Aliyeongeza resho ni wewe. Mzigo umebadilika, waya haukubadilika. Maneno hayo hayamvunjii heshima, tena ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa. Ya dijonkteri ndiyo ataikiri mwenyewe akishaona ndani ya priza.

Mume wako ndiye aseme, kwa kuwa ni kaka mkubwa, na aseme wakiwa wawili, si mbele yako wala mbele ya watoto. Amwambie: "Njoo tuifungue pamoja." Kisha mumwite fundi mzee, na shemeji awepo pale akishika taa, akishika bisibisi. Fundi mzee mzuri hatamcheka. Atamwonyesha waya mweusi, atamwachia yeye mwenyewe aukate na kuukaza. Kijana atatoka hapo anajua kitu ambacho hatakisahau hata akifunga nyumba mia. Kama mume wako bado anaona ni matusi, muulize angependa mdogo wake akumbukwe kwa nyumba gani. Na kama shemeji atakataa katakata, fundi aitwe hivyohivyo. Chuki ya shemeji unaweza kuitafutia dawa mwaka mzima.

Kazi yenyewe iwe hivi. Resho ipate mstari wake kutoka kwenye tablo, pale dijonkteri zilipo: waya wa 2.5, dijonkteri ya 16 au 20, priza ngumu, bila ralonji hata siku moja. Pasi na birika visiwe juu yake. Waya usipigiliwe kwa misumari iliyokunjwa, kama ninavyoona karibu kila nyumba ya mbao mjini. Msumari unauma ganda polepole kila mbao zinapovimba kwa mvua na kunywea kwa jua. Upitishwe ndani ya mrija. Na pale waya unapoingilia juu, mtazame mabati. Ukingo wa bati ni kisu. Nimeona paa zima likiwa na umeme kwa sababu ya upepo uliosugua waya juu ya bati, na mama akakamatwa alipotundika nguo kwenye kamba ya chuma iliyofungwa kwenye paa hilo. Aliishi, kwa bahati ya viatu vya mpira.

Mtakaponunua waya, shemeji aende na kisu kidogo. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Kwarua ncha: shaba ya kweli inabaki nyekundu hadi ndani, ya uongo inageuka nyeupe kama sufuria. Ya uongo inapata moto haraka kuliko shaba na inakatika kwenye skurubu. Waulize uzito pia. Ukibeba kitu chepesi kuliko ulivyotarajia, rudisha.

Friji inayokuwasha vidole ni shida nyingine, na usiichukulie kama mchezo wa watoto kwa sababu tu inawasha kidogo. Umeme unavuja kwenye mwili wa friji na haukuti njia ya kwenda ardhini, unasubiri miguu yako yenye maji iwe njia. Priza zetu nyingi zina kile kijiti cha katikati, lakini ukifungua nyuma hakuna waya wa kijani na njano wa kwenda ardhini, au upo na umeishia hewani. Na hapa Goma ina taabu yake ya pekee. Sehemu kubwa ya mji iko juu ya mawe ya volkano, mitaa mingine juu ya yale yaliyoshuka mwaka 2002. Ile nguzo ya shaba ya kupigilia ardhini inagonga jiwe na kukataa, na hata ikiingia, jiwe kavu halipitishi umeme vizuri kama udongo. Mafundi wengine wanaiacha, wanasema haiwezekani. Inawezekana kwa kuchimba mfereji, kulaza waya mrefu wa shaba uchi, na kujaza udongo mweusi wa kuletwa, mahali panapopata maji. Haitakuwa kamilifu. Kwa hiyo dawa ya mji huu ni kuongeza dijonkteri diferansieli ya miliamperi 30 mwanzoni mwa tablo. Hiyo inapima umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kidogo tu kwa sababu umepitia mwili wa mtu au bati la friji, inakata mara moja, hata kama ardhi yenu ni mbaya. Usoni pake kuna kitufe kilichoandikwa T. Mkibonyeze kila mwezi, dijonkteri hiyo isiporuka, imekufa. Bei yake si ndogo, najua. Familia tatu mkichanga itawezekana, na ningeiweka mbele ya televisheni yoyote mpya.

Mpaka hapo, friji ichomolewe kabla ya kupangusa, na hakuna kuigusa miguu mitupu.

Kuhusu ampule inayotikisika: ikitikisika yako peke yako unapowasha plaki, kiungo kimelegea kwako. Ikitikisika ya parseli nzima, waulize wenzako, kiungo kiko kwenye kompteri au kwenye waya wa barabarani, na hapo usipande mwenyewe, waitwe wenye mtandao. Lakini siku ukiona ampule moja inang'aa kupita kawaida na nyingine inafifia kwa wakati mmoja, kimbia ushushe dijonkteri kubwa. Mara nyingi ni waya wa netri, ule unaorudisha umeme, umekatika, na volti zinaweza kupanda kutoka 220 kuelekea 380. Friji, televisheni na chaja vinaungua kwa dakika chache.

Umeme ukikatika ukiwa unapika, zima resho na pasi na uvichomoe palepale. Hiyo iwe sheria ya nyumba, mpaka kwa mtoto mdogo. Umeme unaporudi saa nane za usiku unakuta plaki iko wazi na kitambaa kimewekwa juu yake, na wote mmelala.

Na siku priza ikitoa moto: shusha dijonkteri, toa watoto, kisha ndipo tupa mchanga. Usimwage maji kabla umeme haujakatwa. Mtu akikamatwa, usimshike kwa mkono, hata akiwa mwanao. Kata umeme, au msukume kwa ubao mkavu.

Siku hizi chache mpaka fundi aje, utarudi kwenye makala. Najua ni gharama na ni moshi. Ubabule, jiko la makala, ubaki nje au mlangoni palipo wazi, usiuingize chumbani usiku kwa ajili ya baridi, kwa sababu hewa ya sumu ya makala haina harufu ya kukuamsha kama ile ya samaki.

Wakishaifungua hiyo priza, niandikie wamekuta nini: skurubu gani ilikuwa imelegea, na weusi umeingia ndani sentimita ngapi. Na shemeji alisema nini alipouona.

Fundi wenu